Jela ya Shangazi

Msomi, ambaye shule aliipitia kwa nje, aliiona riziki yake siku watalii walipomkuta akitoa gunia kwenye stoo ya mkaa ya shangazi yake. Mmoja alichungulia: kuta za mawe, giza, kidirisha cha kupitisha kikombe, mlango mzito wenye komeo kwa nje. Akauliza zamani palikuwa nini.

Mtu mwaminifu angesema mkaa. Msomi alivua kofia, akashusha pumzi, akasema, "Jela."

Mji ule mkongwe ulikuwa na ngome, mnara na makumbusho, na vyote vilichosha watu kwa tarehe. Jela ilikuwa na kilio. Msomi alitunga kisa cha kijana asiye na hatia aliyefungiwa mle na shangazi yake mwenyewe, akalia, "Shangazi, nifungulie," hadi sauti ikamkauka. Wageni walitoa machozi, kisha wakatoa kiingilio.

Shangazi mtu, ambaye paa lilimvujia mpaka akawa analala na beseni kitandani, aliambiwa hao ni wakaguzi wa halmashauri: wakimaliza kukagua nyumba za kale, watamwezekea bure. Mama wa watu akawa anawachemshia chai kila siku. Wakaguzi hawaishi, paa linavuja.

Hadi mgeni mmoja, macho mekundu, aliposukuma kikombe. "Chai ya nyumba hii sinywi. Baada ya alichofanyiwa yule kijana wa watu na shangazi yake?"

Shangazi aliuliza taratibu kijana yupi, akasimuliwa yote, kiingilio kikiwemo. Ilimuuma. Alimlea Msomi tangu hajajua kujifuta kamasi.

Asubuhi alimtuma mkaa, ule wa kule nyuma kabisa. Msomi akaingia. Komeo likalia.

"Shangazi, nifungulie."

"Paa langu liko wapi, mwanangu?"

Kabla hajalitafuta jibu, kundi jipya la watalii likatokea. Msomi akaona ameokoka. Akapiga mlango ngumi, akaapa kwamba yule mama ni shangazi yake kweli, kwamba jela ni stoo na kisa ni uongo mtupu, tena kakitunga yeye. Akalia machozi halisi. Watalii wakapiga makofi, wakasema mwigizaji huyu kazi anaijua. Shangazi alisimama mlangoni na lile beseni lake, nao wakatumbukiza hela bila kuombwa.

Kufika jioni Msomi alishasalimu amri. Zile hela za kiingilio alizokuwa akificha kwenye soksi zikapita chini ya mlango, na fundi akaitwa.

Siku nyundo ziliponyamaza, alisikia kandambili za shangazi zikija, moyo ukamtulia.

"Paa limekwisha, Shangazi. Nifungulie basi."

Shangazi alifikiri kidogo. "La chumbani limekwisha. Jikoni bado." Akampitishia kikombe cha chai kidirishani. "Kunywa upesi, wageni wamefika. Na jana ulilia kivivu."