Mvua Itanipa Pélagie

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Nimefika milimani kutoka Kindu, matope hadi magotini, moyo unaruka! Nimemfuata Pélagie, yule aliyeuza mawese soko la Kindu akacheka utani wangu. Lazima nimuoe! Binamu yangu Mwamba, anayenilaza, kaniambia desturi ya huku. Mvua ikimkuta mtu nyumbani kwako, humtoi mpaka ikatike, na chakula unampa. Na mvua hunyesha kila alasiri! Basi, nimeshaoa.

Jumanne, 5 Novemba
Wingu kutanda tu, mbio hadi kwao. Nikaingia na tone la kwanza! Baba yake, papa Florentin, akanipokea vizuri. Pélagie? Alikwenda kuteka maji, mvua ikamzuia kwa Gédéon, fundi baiskeli. Papa Florentin akanisogezea kinu. “Kama uko unangoya mvua, twanga ngazi basi.” Nimetwanga ngazi, hizo chikichi za mawese, mpaka jioni. Mikono imevimba. Lakini sombe ya kwao, kisamvu kile, tamu ajabu!

Jumatano, 6 Novemba
Leo niliwahi, jua bado kali. Nikamkuta! Akatabasamu! Ili anione mtu wa maana, nikamwambia asijali kazi za nyumbani, nipo. Akashukuru sana, akachukua baiskeli ya baba yake kuipeleka kwa fundi. Mvua ikashuka. Ngazi tena. Papa Florentin kasema hajaona kijana mwenye bidii kama mimi. Mkwe tayari ninaye!

Alhamisi, 7 Novemba
Akili kubwa! Kwa kuwa Pélagie hukwama kwa Gédéon, nimngoje hukohuko. Nikamwambia Gédéon hiyo baiskeli inatakiwa haraka, airudishe mwenyewe. Akaenda mbio, mjinga yule! Mvua ikanikuta barazani kwake, peke yangu na magurudumu. Yeye ikamkuta kwa papa Florentin. Pélagie leo hakutoka kabisa.

Ijumaa, 8 Novemba
Gédéon kaposa jana, mvua ikinyesha. Kakubaliwa! Papa Florentin mwenyewe kanipa habari, akaniomba nibaki nitwange ngazi za karamu. Imeniuma. Nimelia, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 9 Novemba
Usingizi hauji kwa furaha! Kosa nimeliona. Mvua ya huku ni fupi mno. Mwamba anasema Pélagie ana binamu kule Kampene, Josiane, mzuri kumpita, na huko hunyesha tangu asubuhi. Naondoka alfajiri. Huyu hatapata hata nafasi ya kutoka nje!