Ombi la Kuondolewa Dukani Skuta Mojawapo, Hansa au Mayur

Sadashiv Peth,
Pune.

Kwa Bwana Phadnis, mwenye duka la skuta,

Salamu nyingi, na pole na joto. Naandika kwa uchungu lakini kwa heshima, mimi Madhukar Sathe, mpimaji ardhi mstaafu. Skuta yetu ya zamani ilikata roho kabla ya sikukuu ya Ganpati. Tangu hapo mke wangu Kusum, ambaye ndiye dereva wetu, huenda kwa miguu kwenye mazoezi yake ya kuimba, na magoti yake yale! Nikaja dukani kwako kutafuta nyingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmezisimamisha Hansa na Mayur bega kwa bega. Injini sawa, bei sawa, honi sawa. Hansa ina ndoano ya kutundikia mfuko wa mboga. Mayur nayo inayo, ila imepinda kidogo kushoto. Mwenye akili timamu achague vipi?

2. Nilimwomba ushauri muuzaji wenu, Bwana Dhamdhere. Akasema, "Mzee, zote mbili nzuri." Nikamwambia, "Hilo si jibu, hiyo ni siasa." Siku hizi akiniona nashuka kwenye riksho anajifungia chooni. Nimemsubiri. Hatoki.

3. Nilipokuja saa saba mchana kumvizia, mlikuwa mmefunga, mmelala. Hili kwa kweli silalamikii, hata mimi hulala.

4. Mmenivunjia nyumba. Jana nilikuwa nimezipanga picha za skuta mezani, Kusum akazisukuma kando.

"Baba Ketaki," akasema, "siku ya posa mimi ulinichagua kwa sahani moja tu ya pohe, mchele wa kupondwa, mama yako anakohoa pembeni. Mbona hukuuliza nakula mafuta kiasi gani?"

Nikamjibu kwamba siku ile hakukuwa na pacha wake wa kumlinganisha naye. Bwana, jibu lile mimi nililiona la busara. Leo asubuhi amefungasha nguo akatoka, ati anakwenda kwa dada yake huko mjini Satara mpaka nitakapopata akili. Nyumba imenyamaza. Chai najipikia mwenyewe, na ina ladha ya sufuria.

Kwa hiyo naomba skuta mojawapo iondolewe dukani. Ikiwa vigumu, Dhamdhere anidanganye kwamba imekwisha. Dhamiri yake ikikataa, basi igongeni moja ukutani, kidogo tu, rangi nitachangia.

Nisalimie wote nyumbani, na Dhamdhere pia, huko aliko.

Wako katika mashaka,
M. V. Sathe

Tanbihi: Kusum amerudi sasa hivi; Satara hakufika. Amekuja juu ya skuta ya kijani ambayo si Hansa wala si Mayur. Ameinunua duka la ng'ambo ya barabara.

"Kwa nini hii?" nikamuuliza.

"Ilikuwa karibu na mlango. Panda!"

Nimepanda nyuma, tumekwenda mpaka darajani na kurudi, nimemshika kiuno hadharani, na umri wangu huu! Ni skuta nzuri mno. Sina tena dai lolote. Ila Bwana Phadnis, nakusihi, usiiondoe hata moja. Kesho naja. Lazima nijue ipi ilikuwa bora.