Magunia Yafike Begani kwa Utingo

Alhamisi, 6 Machi

Msiba! Lori la taka za kurejelezwa linataka kutuacha.

Lilifika jioni kama kawaida, likihema kama mzee aliyepanda ngazi. Dereva alishuka, akatazama mchango wa njia yetu nzima: beseni moja lililopasuka na ndara mbili zisizolingana. Akauliza kama tunamtania. Akasema wenzetu wa njia ya chini wanamjazia magunia kila wiki, na sisi huku juu tunamchosha na mlima wetu bure. Kisha akatoa hukumu. Alhamisi ijayo magunia yafike begani kwa utingo wake. Yasipofika, hapandi tena huu mlima.

Utingo wake ni mrefu kama mlingoti. Kwa nini hakuajiri mtu mfupi?

Hakuna anayejua kwamba hukumu hii ni yangu mimi peke yangu. Utingo huniwekea vitabu anavyovikuta kwenye makaratasi ya watu. Havina majalada, vingine vina alama za vikombe vya chai, lakini ndiyo maktaba yangu yote. Leo amenipa nusu ya riwaya. Nimeimaliza sasa hivi. Mwenye kinu cha unga ametiwa sumu. Mpelelezi amewakusanya jamaa zake wote sebuleni. Amevua kofia. Amefungua kinywa kumtaja muuaji.

Kurasa zimeisha.

Utingo anasema ile nusu nyingine lazima ipo kule bohari wanakopeleka mizigo, ataitafuta, ataniletea Alhamisi. Wakipanda. Njia ya chini wanapita asubuhi, nami niko darasani.

Magunia yatapatikana. Mimi ni mtu wa mipango.

Ijumaa, 7 Machi

Mtu mwingine angepita nyumba kwa nyumba akaomba. Mimi nikibisha hodi kwa watu sauti hunitoka kama ya kifaranga, wakifungua nasahau nilichofuata. Mara ya mwisho niliishia kuomba chumvi tusiyoihitaji.

Kwa hiyo nimeandika matangazo. Matano, kwenye vipande vizuri vya boksi, kwa wino mzito. Yanaanza hivi: “Enyi wakazi wapendwa wa njia ya juu! Taka yako ni hazina ya taifa. Toa boksi, kopo, chupa na chochote usichokihitaji.” Nimeyabandika kabla ya shule, njia nzima.

Niliporudi hapakuwa na tangazo hata moja. Yote yamechukuliwa!

Nimeguswa sana. Watu wameyabeba nyumbani wakayasome kwa utulivu.

Jumamosi, 8 Machi

Hawakuyasoma.

Jirani yetu fundi cherehani amelikata moja kuwa kielelezo cha kola. Neno “wapendwa” linazunguka shingo. Mumewe anapepea jiko kwa “hazina ya taifa”. La tatu amelilalia kuku wake. La nne sijalipata. La tano liko kwetu, chini ya mguu mfupi wa meza. Bibi alilikunja mara nne na meza imetulia kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Bibi alisifu sana. Aliniambia boksi la namna ile halipatikani siku hizi, akauliza lini nitaandika mengine.

Sasa nimeelewa ugonjwa wa njia yetu. Hakuna taka! Watu wa huku hawatupi kitu. Kopo likitoboka ni la kumwagilia miche, likikatika tako linavishwa mche kuukinga na kuku. Na malkia wa ugonjwa huu ni bibi yangu mwenyewe. Stoo yake imejaa makopo na chupa za mdomo mpana mpaka juu ya mlango. Ile stoo peke yake ingefika begani kwa utingo na kumpita kichwa.

Kesho Bibi anakwenda kumsalimia dada yake.

Jumapili, 9 Machi

Bibi aliondoka asubuhi. Nikaingia stoo na gunia. Nilichagua kwa haki kabisa: makopo yaliyo nyuma, yenye vumbi, yasiyokumbukwa na mtu. Kopo la bluu lenye picha ya farasi sikuligusa. Hilo ni la vifungo, alipewa siku ya harusi yake, na mimi nimeliomba tangu nikiwa mdogo na kila mara ameniambia nisubiri nikue. Nimekua. Bado nasubiri.

Gunia lilijaa mpaka shingoni. Nikalificha nyuma ya choo, nikanawa, nikakaa sebuleni na kitabu cha jiografia.

Bibi alirudi. Hakuwa hata amevua viatu. Alisimama mlangoni mwa stoo, akanusa kama mtu anayesikia chakula kinaungua, akaniita. Akaniuliza kwa upole kiko wapi kile kikopo chake cha kupimia mbegu. Nikamuuliza kipi. Akasema kile cha nyuma, chenye vumbi. Na kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi ya marehemu babu yako. Na lile kopo refu ambalo baba yako alijifunzia kuhesabu. Aliyataja yote. Alikuwa akiitazama miwani yangu badala ya macho, asiniaibishe.

Nilikwenda kulileta gunia bila kuulizwa liko wapi.

Kila kitu kimerudi mahali pake. Nilijipa moyo kwamba angalau nimebaki na gunia tupu, ni mwanzo. Nikatoka nje. Bibi ameshalifua. Liko kwenye kamba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejishusha mpaka kwa binamu.

Binamu ni mtoto wa baba mdogo, tuko darasa moja, anaishi njia ya chini. Ndiye anayepanga magunia ya kule, kwa kuwa duka la baba yake ndilo linaloyajaza. Ananiita Kamusi. Nilimweleza shida yangu wakati wa mapumziko. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kumbe Kamusi nzima imeshindwa kupata taka! Kisha akanipa masharti. Ataniazima nusu ya magunia yake. Mimi nitamwandikia insha ya mwalimu wa Kiswahili, “Mtu Ninayemheshimu”, na iwe nzuri ila isiwe nzuri kupita kiasi.

Nimekubali. Ni udanganyifu, najua. Lakini mpelelezi amefungua kinywa tangu Alhamisi, maskini.

Jumanne, 11 Machi

Nilikaa kuandika insha mbaya kiasi. Haikuwezekana. Nilijaribu kumwandika baba mdogo lakini kalamu ilikataa. Mwishowe nikamwandika Bibi, kwani ni bibi yetu sote wawili, hakuna atakayeshuku. Nikaandika kuhusu stoo. Jinsi kila kopo lina kazi na jina. Jinsi kifuniko cha kopo la farasi kinavyogoma, na Bibi hukifungua kwa kukipiga kofi dogo kama mtu anayemwamsha mtoto. Jinsi ambavyo hajawahi kusema kitu kimekwisha, husema kimepumzika.

Nilipomaliza nilikuwa nimelia kidogo. Nikaweka kosa moja la herufi kubwa ili ionekane ya binamu.

Ile yangu mwenyewe niliiandika haraka haraka kabla ya kulala, kuhusu mvumbuzi wa gurudumu.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya kuliko zote!

Mwalimu aliisoma insha ya binamu mbele ya darasa zima. Akatulia katikati, akavua miwani, akapangusa. Akasema miaka yote ameidharau ile akili kumbe ilikuwa imejificha. Darasa likapiga makofi. Binamu akasimama akainama kama mchezaji wa mpira aliyefunga bao. Kisha mwalimu akanigeukia, akasema nijifunze kwa binamu yangu kuandika kwa moyo, kwa sababu hakuna mtu anayejua mvumbuzi wa gurudumu na mimi nilijaza kurasa mbili kumheshimu.

Haikuishia hapo. Fundi cherehani ni dada wa mwalimu. Kufika saa ya chai Bibi alikuwa ameshaisikia insha yote. Alimwita binamu. Akamkalisha kwenye kiti cha wageni, meza ikiwa imetulia juu ya tangazo langu, akamshika mkono, akamwambia hakujua kama kuna mjukuu anayemtazama vile. Akaingia stoo. Akatoka na kopo la farasi. Akamwaga vifungo kwenye chupa, akampa.

Akampa binamu!

Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika birika. Nilisema hongera. Sauti ya kifaranga.

Jioni binamu alileta magunia kwa toroli, alivyoahidi. Tukayapanga njia panda. Nimejipima, yanafika puani kwangu. Begani kwa utingo, ukikadiria kwa ukarimu.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilirudi shule mbio. Magunia yapo. Binamu amekuja kutazama, mikono mifukoni. Lori linasikika chini ya mlima. Na Bibi naye akatoka, polepole, kwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni lake.

Alipita kwenye magunia. Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja.

Kutoka kwenye mdomo wa gunia la juu, farasi wa bluu alikuwa akichungulia.

Binamu hakuwa amelifikisha kopo hata ndani kwao! Alilisukumia kwenye gunia alipokuwa akipakia toroli, kusudi apate nafasi mikononi. Bibi hakumgombeza. Aliuliza tu, kwa sauti ya kumuuliza mtoto kama ameshakula, kama farasi anasafiri. Binamu akawa anatazama viatu vyake. Bibi akafungua gunia kulitoa kopo, akaona vilivyomo ndani ya gunia. Ndipo nilipojua tumekwisha. Akamwita fundi cherehani. Njoo uone, mwenzangu, watu wanatupa chupa nzima na vifuniko vyake! Fundi akaja, mumewe akaja na kipande chake cha “hazina ya taifa” mkononi. Njia yetu yote ikaja, hata wale ambao sijawahi kuthubutu kuwabishia hodi. Huyu akachukua dumu, yule ndoo isiyo na mpini, yule boksi la kulalia kuku. Walinishukuru mmoja mmoja. Walidhani ni mimi niliyewaletea.

Lori lilipofika palikuwa na nusu gunia.

Dereva aliangalia lile gunia, kisha akamwangalia utingo wake. Utingo, Mungu ambariki, alipiga magoti taratibu mpaka bega lake likakaribia gunia. Dereva akamwambia aache upuuzi, asimame. Akasema basi, leo ni mwisho. Nikaona ndani ya lori, juu ya kiti cha utingo, karatasi zilizofungwa kwa kamba. Nusu yangu ya riwaya. Nilitaka kusema kitu. Haikutoka hata ile sauti ya kifaranga.

Bibi alikuwa ameshazunguka nyuma ya lori. Akamuuliza dereva, mwanangu, hizi chupa za mdomo mpana unazipeleka wapi. Dereva akashusha pumzi. Akasema haendi nazo popote. Kiwandani hawazipokei, wanataka za mdomo mwembamba tu. Amezunguka nazo mwezi mzima zikigongana, akilala usiku bado anazisikia, mkewe anasema anagonga meno kwa mdundo ule ule.

Bibi akauliza kama ni zote hizo. Dereva akasema zote, mama. Bibi akawageukia wenzake.

Sijawahi kuona lori likishushwa mizigo haraka vile. Zilitoka chupa, makopo mapana, mpaka lile beseni letu lililopasuka la wiki jana. Mwenyewe alilitambua akalipokea kwa furaha. Dereva akawasha lori, akasogea mbele kidogo, akasikiliza. Kimya! Akashuka akamshika Bibi mikono miwili. Akasema atapanda kila Alhamisi, mama, Mungu akipenda, mvua ije jua lije.

Utingo akanirushia karatasi zangu dirishani.

Baadaye Bibi aliniita stoo. Alinikabidhi kopo la farasi. Akasema binamu yako ni kijana mzuri, lakini tangu azaliwe hajaingia humu ndani, angejuaje kwamba kifuniko kinagoma? Akasema alimpa ili aone kama atalishika kopo kama mtu aliyeiandika insha ile. Nikataka kuomba radhi. Akakipiga kifuniko kofi dogo, kikafunguka. Lilikuwa tupu. Akasema niweke humo kurasa zangu, zisilale sakafuni.

Nikaziweka moja moja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetafakari yaliyotokea wiki hii na ni wazi mpango wangu umefanikiwa. Nilitaka lori liendelee kupanda. Linaendelea kupanda. Wapo watakaosema ni Bibi, lakini nani aliyeyaleta magunia?

Riwaya nimeisoma darasani, chini ya dawati. Mpelelezi amemtaja: ni mpishi! Mpishi amecheka. Amesema hakuwa yeye, na ushahidi anao. Ametia mkono mfukoni. Ametoa

Ukurasa wa mwisho haupo.

Lakini sitishiki, mimi ni mtu wa mipango. Ukurasa ule uko mahali, kwenye nyumba ya mtu, na unaweza kupatikana kwa njia ya kistaarabu. Nimeandika matangazo. Makubwa zaidi, kwenye boksi nene zaidi, lile la dukani kwa baba mdogo, ili mtu asiweze kupita bila kuyaona. Yanaanza hivi: “Enyi wakazi wapendwa! Je, umemwona mpishi?” Nitayabandika kesho kukipambazuka.

Bibi amekuja kuyatazama yakikauka. Ameligonga moja kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima. Akaniuliza kama safari hii yatakuwa angalau matatu, maana ile miguu mingine ya meza nayo imeanza kulalamika.

Nimemwambia yatakuwa sita. Nimefurahi sana. Hatimaye Bibi ameanza kuyajali maandishi yangu.