Harusi ya Flora kwa Mujibu wa Takwimu

Ijumaa, 8 Agosti

Viwanja vya Nane Nane, Lindi. Nilikuja kutafuta kofia ya bure. Kofia zimeisha! Fulana nazo zimeisha. Walionitangulia walichukua mbilimbili, na wengine hata jembe hawalijui.

Nikaingia banda la takwimu kukwepa jua. Binti mmoja wa miwani, mpole, akanieleza kwamba taifa zima limeshahesabiwa. Nani analima nini, anavuna kiasi gani, na Mtanzania mmoja anakula nini kwa mwaka. Mchele, nyama, ulezi, hadi mayai! Nikauliza bei. Akasema ni bure, zipo mtandaoni, mtu yeyote anachukua.

Bure! Kofia nikaisahau palepale.

Kijijini Makote wote wananiita Cecil wa Sungura, kwa sababu ya wale sungura niliofuga wakavunja banda na kumaliza kunde za mama mkwe. Sasa wataniona. Flora wangu anaolewa Jumamosi ya tarehe 23, na kamati bado inavutana kuhusu chakula. Mimi ninacho kitu ambacho kamati haina.

Binti wa miwani alinifuata hadi nje kunieleza habari za wastani, kwamba sio kipimo cha nini sijui. Nilikuwa na haraka ya gari.

Jumapili, 10 Agosti

Kikao cha kamati baada ya ibada. Walter akaongoza, kama kawaida. Huyu ni kaka wa mke wangu, na kwa mila za huku mjomba ndiye mwenye watoto. Mimi ni mtu wa Chiwata niliyemfuata mke kwao. Shamba la mama mkwe, nyumba ya mama mkwe, hata mbwa ananibwekea mimi peke yangu.

Walter akasema ng'ombe mmoja, mchele magunia mawili, Mama Huruma apike, tufunge kikao. Nikasimama! Nikasema wakwe zetu ni watu wa Chidya, watu wa shule tangu enzi za babu zao, hatuwezi kuwalisha kwa kukisia. Nikasema nitapanga chakula kwa takwimu za taifa. Mke wangu, Mama Flora, akaanza kuchunguza kucha zake. Walter akauliza takwimu zinaliwa na mboga gani. Watu wakacheka hadi mhasibu akadondosha kalamu.

Ndipo mama mkwe akasema nipewe, maana na mimi ni mzazi. Hakuna aliyewahi kusema hivyo kwenye kikao. Miaka ishirini na miwili nimekuwa baba wa kupanga viti. Nilitamani kulia, nikajifanya nakohoa.

Walter akaweka sharti. Likiharibika, sitafungua mdomo tena kwenye jambo lolote la wanangu, wala ubatizo, wala posa. Nikakubali mara moja, maana haliwezi kuharibika.

Jumanne, 12 Agosti

Masasi. Steshenari ya Isabela. Akazitafuta kwenye kompyuta, zikaja. Mamia ya kurasa! Matrekta, mbolea, mbuzi, mikorosho mkoa kwa mkoa. Niliangalia kama banda langu la sungura limeandikwa. Halimo.

Hatimaye tukalipata jedwali lenyewe. Vyakula vyote kushoto, na kulia anachokula mtu mmoja kwa mwaka. Isabela akasema chini kuna maelezo kwa herufi ndogo, akauliza ayachape pia. Nikamwambia maelezo ni maneno tu, na maneno hata Walter anayo. Mimi nataka namba. Akachapa ukurasa mmoja, nikamwambia autie plastiki usije ukalowa.

Njiani kurudi nilimwonyesha jedwali kila aliyekaa karibu nami. Mama mmoja aliniuliza kama ni majibu ya hospitali, akanipa pole.

Alhamisi, 14 Agosti

Hesabu siku nzima. Mbinu yenyewe ni nyepesi hata naona aibu kuwa wa kwanza. Chukua cha mwaka, gawa kwa siku za mwaka, unapata cha siku moja. Kizidishe kwa wageni mia tatu. Basi!

Nyama ni kilo kumi na mbili. Nilirudia mara tatu, haibadiliki. Kumbe Walter na ng'ombe wake alitaka kuwalisha watu wa Chidya nyama ya zaidi ya wiki nzima kwa mlo mmoja! Ndiyo maana nchi haiendelei.

Halafu nikapata wazo kubwa kuliko lote. Harusi za kwetu zote ni pilau na nyama, pilau na nyama. Lakini jedwali lina mtama, ulezi, ngano, ndizi, viazi mviringo, maharage, samaki, maziwa. Kila mgeni atapata kila kitu, kwa kiasi kilekile anachokula Mtanzania. Nimeiita Sahani ya Taifa. Mtu wa Chidya akiiona atajua ameozeshwa na watu wanaosoma.

Hela iliyotengwa kwa ng'ombe imebaki karibu yote. Nimekodi spika nne na mshereheshaji wa Masasi mwenye suti nyeupe.

Jumatatu, 18 Agosti

Manunuzi yamekamilika. Nimemkabidhi Mama Huruma, mpishi mkuu. Akaniuliza vingine vinakuja lini. Nikamwambia ndivyo hivyo. Akaangalia nyuma yangu, labda kuna lori.

Nikamsomea jedwali. Akauliza robo ya yai inapikwaje. Nikamwambia unapika zima halafu unakata. Akauliza ulezi wa vijiko viwili ni uji au ni dawa. Akauliza kama wageni wote wametoka kufanyiwa upasuaji. Mwanamke huyu amepikia misiba na harusi za Makote yote, na siku zote alipima kwa jicho! Nikamwambia jicho halina nukta. Akasema sawa, Baba Flora, kisha akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Wakanong'ona muda mrefu.

Walter alikuwa anapulizia mikorosho dawa ya unga, salfa, uso wote wa njano, kitambaa mdomoni. Hata kwa kitambaa nilimsikia akicheka.

Jambo jingine. Akina mama wa jirani wote wamekwenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, na vijana wanatega panya kila shamba. Nadhani kuna soko Newala. Watu wangu wanapenda biashara ndogondogo, hawaoni mbali.

Ijumaa, 22 Agosti

Flora alikuja kukaa nami jikoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina uhakika. Nikampa jedwali alishike mwenyewe. Akalisoma, akalisoma tena, akasema, Baba, hii si kwa watu wote, hata watoto wachanga? Nikamwambia ndiyo uzuri wake, hakuna aliyesahauliwa. Akanishika mkono. Ana mikono ya mama yake, huyu mtoto. Kesho kutwa hayupo hapa tena, na sijui nyumba hii itakuwaje.

Nimelala mapema. Kichwa lazima kiwe safi.

Jumapili, 24 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Ibada nzuri. Flora amependeza, bwana harusi Marko katoa jasho hadi pete ikateleza. Watu wa Chidya wote wamevaa tai, hadi vitoto. Mia tatu walialikwa, wakaja kama mia nne na hamsini. Jedwali halina safu ya wasioalikwa!

Nikatoa ishara. Sahani zikatoka. Kila moja ilikuwa na pilau vijiko vichache, nyama kama kidole gumba, robo ya yai, kipande cha ndizi, dagaa, kijiwe cha ulezi, nusu kiazi. Maziwa kwenye vikombe, unayaona ukiinamisha. Kwa macho yangu ilikuwa nchi nzima juu ya sahani. Mshereheshaji akatangaza Sahani ya Taifa na spika nne zikatetemeka.

Wakala. Nilikuwa sijamaliza kuketi, wamemaliza. Mzee Danieli, mjomba wa Marko na msemaji wa Chidya, akaiangalia sahani yake, akageuza na upande wa chini. Akaniita kwa heshima zote. Akauliza kama hii ni ya kuonja au ya kula, ili wajue waendelee kukaa au waage. Mtoto mmoja akaanza kulia njaa, na mwingine akamfuata.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwangalia Walter, nikajua anakumbuka sharti letu neno kwa neno. Nikamwangalia Mama Flora, akatazama mlangoni. Nilikuwa nimemwaibisha binti yangu siku yake mwenyewe, mbele ya watu atakaoishi nao maisha yake yote, na nilikuwa na plastiki ile mfukoni inanichoma pajani.

Flora akasimama! Bibi harusi, na shela lake. Akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. Akasema, wakwe zangu, shikamooni. Akasema baba yake alitaka wageni waonje kwanza kidogo cha kila chakula cha nchi yetu, iwe kama baraka, na kwamba sasa ndipo chakula cha Makote kinaingia. Alisema bila kupepesa. Sijui alijifunzia wapi kudanganya vile, kwetu hakuna.

Milango ya ukumbi ikafunguka. Mama Huruma mbele, mama mkwe nyuma yake, na akina mama wote wa jirani. Masufuria ya ming'oko yanafuka moshi! Ugali wa makopa ya muhogo, kisamvu cha karanga, mbaazi za nazi, kuku wa kila nyumba. Panya wa kubanikwa kwenye vijiti, wametiwa chumvi na ndimu. Walter mwenyewe alibeba sufuria mbili kubwa kichwani. Kumbe mpango huo ulianza Jumatatu ile, na kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi.

Watu wa Chidya walilegeza tai. Mzee Danieli alikula panya sita akiwa amefumba macho. Wakacheza hadi spika moja ikaungua.

Nilikwenda nyuma ya ghala la korosho nikalia. Flora alikuja akanifuta uso kwa shela. Alinukia marashi na moshi. Akaniambia nirudi ndani, wanataka kupiga picha na baba.

Jumanne, 26 Agosti

Hakuna anayenisemesha. Mbwa tu, na yeye ananibwekea.

Walter alikuja asubuhi, nikajua anakuja kunikumbusha sharti. Nikamwamkia kabla hajafika, ingawa ni mdogo wangu. Akakaa, akanywa uji, hakulitaja. Akasema mwanangu ana akili kuliko sisi wote, kisha akaondoka. Hilo limeniuma na limenifurahisha pamoja.

Nilichukua plastiki ile kuitupa chooni. Haikupita kwenye tundu.

Alhamisi, 28 Agosti

Makubwa! Mzee Danieli amempigia Walter simu. Chidya hawazungumzi kitu kingine. Wanasema hawajawahi kuona harusi yenye mpango kama ule, mgeni anapewa kwanza kidogo, tumbo linaamka, halafu ndipo anashangazwa na chakula chenyewe. Wanasema hiyo ni akili ya mtu aliyesoma. Mwezi ujao nao wanatupokea kwao kwa sherehe ya upande wao, na wanaomba, wanaomba! Baba Flora apange chakula.

Walter alinipa ujumbe huo kama mtu anayetema ndimu. Nikamwambia nitafikiria. Nikafikiria hapohapo, nikakubali.

Nimekaa chini kuchambua. Mtaalamu wa kweli anaangalia matokeo bila hasira. Kwanza, panya na ming'oko havimo kwenye jedwali, kwa hiyo kosa halikuwa langu, taifa litajaza lenyewe. Pili, na hili ndilo jambo kubwa, baada ya sherehe tulikuta mabaki ya ugali, kisamvu na mbaazi yaliyolisha nyumba yetu siku mbili. Mabaki! Maana yake watu walipewa zaidi ya wanachoweza kula. Jedwali lilikuwa na ukarimu kupita kiasi.

Kwa hiyo Chidya nitapunguza nyama iwe nusu. Mayai, moja kwa watu wanane. Maziwa watanusa.

Nilimsomea Mama Flora hesabu mpya. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza tarehe yenyewe ni ipi, akachukua simu akatoka uani. Nilimsikia akiongea na mama yake Marko kwa muda mrefu, akimsihi kila nyumba ya Chidya ipike chakula kingi siku hiyo na kukificha kwa jirani. Kusema kweli sikutarajia. Amenianzishia utafiti wa pili wa mabaki kabla sijamwomba.