Mkono Wangu na Mnada wa Katesh

Jamani, leo heshima yangu imeishia nyuma ya pazia la zahanati. (Naandika kwa mkono wa kushoto, mnivumilie.)

Mnajua nimezunguka migodini miaka ishirini, Mererani, Geita, Tunduru, huku nikiota baridi ya kijijini kwetu Daudi. Wiki iliyopita nilirudi. Dada yangu Paskalina akasema, "Palilia maharage. Ukimaliza bila kukimbia, kipande cha shamba la baba ni chako."

Jana nikapalilia mistari mitatu. (Mifupi.) Leo alfajiri naamka, kidole gumba na viwili vya jirani yake vimekufa ganzi! Kifundo cha mkono kimevimba, kina moto. Kikombe cha chai kikaniponyoka.

"Ni jembe, dada," nikasema kishujaa.

Maskini, akanihurumia. Akawaomba akina mama wa jumuiya wamalizie palizi yangu. Tukiwa bado kwenye foleni ya zahanati, hao wakafika na majembe yao kunipa pole. Nikapokea pole zote!

Nikaitwa ndani. Daktari, binti mdogo, akaniamkia shikamoo, akabonyeza kifundo. Nikaruka.

"Mistari mitatu haileti hivi usiku mmoja, baba. Huu uvimbe unabana mshipa wa fahamu. Juzi ulikula nini?"

"Makande."

"Baba, nikikosea chanzo, vidole vinaweza kubaki hivi hivi."

Nikafunguka. Juzi nilikuwa mnadani Katesh. (Dada alijua nimekwenda kumwona rafiki mgonjwa.)

"Mbavu za mbuzi. Maini. Figo. Supu ya utumbo."

"Na pombe?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tuliacha kuhesabu."

"Basi ni gauti, ugonjwa wa viungo unaochochewa na nyama na pombe. Wengi huwashika mguuni. Kukubana mkononi ghafla hivi si kawaida."

Kumbe pazia halizuii sauti!  Nikamsikia dada huko nje:

"Na yule mgonjwa je?"

"Anaendelea vizuri," nikajibu. "Ndiye aliyekuwa anachoma nyama."

Akina mama wakaangua kicheko! Mmoja wao, Mama Emiliana, alikaa chini na jembe lake kwa kucheka.

Nimepewa dawa, ganzi inaachia. Isipoisha, kesho hospitali. Tulipofika shambani, dada akatoa hukumu.

"Kipande utapata. Ila mbuzi wa baba watabaki kwangu."

Jioni hii nimekula makande sahani mbili, na kusema kweli yametulia tumboni. Dirishani naiona mistari yangu mitatu. Ndiyo ile iliyopinda. Anayetaka kunicheka, aje kwanza apalilie mmoja.