Mgeni Aliyeijua Bandari Kunishinda

Jumatano, 14 Januari

Bila mimi, bandari ya zamani ya Donostia, mji wetu wa Wabaski, ingekuwa shimo lenye maji tu. Naandika hapa faraghani, maana hadharani nimeshasema mara nyingi na watu wamechoka kusikia.

Habari kubwa! Balendin, mwenyekiti wa chama chetu cha wapishi, kavunjika mguu. Kateleza kwenye mafuta ya samaki aliyemkaanga mwenyewe. Kesho binamu yake Graziela anafika kutoka Argentina. Hawajaonana tangu utotoni. Anataka kutembezwa bandarini, na Balendin yuko kitandani. Nikajitolea kabla hajamaliza kuguna. Akasema haya, Prudentzio, ukimfurahisha binamu yangu, siku ya Mtakatifu Sebastian fimbo ya kuongoza ngoma ni yako.

Mbele ya mji mzima! Mwaka jana nilipiga ngoma mstari wa mwisho wa maandamano. Nyuma yangu lilikuwa gari la taka.

Anayeitaka fimbo hiyo pia ni Kaxiano Zubeldia, jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro. Mvuvi mstaafu. Kamaliza ujana wake wote baharini na hajui kusimulia hata kidogo. Ukimwuliza dhoruba ilikuwaje, anajibu: "Upepo mwingi." Basi. Hasara tupu!

Alhamisi, 15 Januari

Manyunyu tangu alfajiri. Mgeni nikamkuta chini ya tao la lango la bandari, palepale tulipopanga. Mama wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, fimbo ndefu mkononi. Nikamwuliza kama ndiye mgeni. Akasema katoka mbali, na siku nyingi hajakanyaga hapa. Argentina hiyo, si kwingine! Kibaski chake cha kizamani mno, cha bibi yake bibi yangu. Wenzetu wa ng'ambo wametunza lugha, tuwape heshima yao.

Akauliza kama mimi ni mvuvi. Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Nikajibu kwamba naitwa Kaxiano Zubeldia, nahodha, mwenye medali. Ujanja wa kukata kuwili: nikivurunda, kavurunda Kaxiano. Nikifaulu, nitalitaja jina langu siku ya kupokea fimbo. Akataka kujua nyumba yangu. Nikamwonyesha ya Kaxiano, ile yenye roshani ya kijani, kwa sababu kwenye dirisha letu dada yangu Benita alikuwa ameanika soksi zake za sufu.

Aliitazama roshani ile muda mrefu. Midomo inacheza, kama mtoto anayekariri somo.

Kasoro moja tu. Chini ya tao ni pakavu daima, lakini aliposimama yeye pakabaki dimbwi. Viatu vya Argentina havifai.

Ijumaa, 16 Januari

Leo nilikuwa moto! Nikamwonyesha pete ya chuma ukutani, nikamwambia babu yangu alimfunga nyangumi hapo baada ya kumpiga na ufito wa kuanikia nguo. Hakucheka. Akasema pete hiyo imewekwa baadaye. Zamani watu walifungia mashua pale, kwenye ngazi.

Ngazi gani? Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, hakuna ngazi. Nikacheka kwa adabu. Akanyoosha fimbo. Maji yalikuwa yamekupwa kuliko nilivyowahi kuyaona, na chini kabisa, chini ya kijani cha mwani, nikaona vipandio vya mawe. Vinashuka. Sikuona vinakoishia.

Tukapita kwa wanawake wanaoshona nyavu. Hao hawajawahi kuniacha nipite salama. Kila siku ni "Shikamoo, nahodha wa nchi kavu!" na "Prudentzio, leo umevua nini, mafua?" Leo kimya. Mmoja baada ya mwingine waligeuza viti vyao vikaelekea ukutani. Wivu, bila shaka. Hawajazoea kuniona na mwanamke.

Nikanunua dagaa wa kukaanga, sahani mbili. Yeye hakula. Aliinama akanusa tu, akasema wamekosa chumvi. Nikala zote mbili. Zilikuwa chungu kwa chumvi, kama nimelamba gati. Na jambo jingine: shakwe. Shakwe wa hapa humpora hata padri mkate mkononi. Leo walijipanga juu ya paa, vichwa wameviingiza ndani ya mbawa, wala hakuna aliyelia mpaka tulipoondoka.

Nadhani wananiheshimu.

Jumamosi, 17 Januari

Asubuhi mgeni kanipa sifa! Kasema mashua ya watu wake ina nafasi moja wazi, kasia la mbele kabisa. Siku nyingi wanatafuta mtu wa kulishika. Je, Kaxiano Zubeldia akiitwa, ataitika? Nikapiga kifua. Nikasema Kaxiano Zubeldia hajawahi kuitwa akakosa kuitika, mwiteni hata kesho! Nilijua tu ni mashindano ya makasia ya Waargentina. Akasema, "Vizuri." Akanigusa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi hata nilipofika nyumbani nikamgusa Benita, alipiga kelele.

Jioni nikaenda kwa Balendin kudai fimbo yangu. Ananitazama kama nimelewa. Graziela? Graziela hajatoka Argentina! Ndege imeahirishwa, atakuja wiki ijayo. Balendin anasema alinitumia ujumbe tangu Alhamisi. (Simu yangu huwa naiweka kwenye droo ili isichakae.)

Sasa nimemtembeza nani?

Mama yake Balendin, Bibi Kandida, alikuwa kwenye kiti chake pembeni anamenya chestinati, zile njugu za kuchoma. Haoni vizuri, lakini masikio anayo. Akaniuliza mgeni wangu alivaa nini. Nikamweleza: kitambaa, fimbo, viatu vinavyovuja. Kisu chake kikasimama.

Akasema, "Prudentzio mwanangu, huyo ni Mari Joxepa, mwitaji."

Zamani, kabla ya saa za kengele, mwanamke mmoja alikuwa akipita alfajiri na fimbo, akigonga mlango wa kila mvuvi na kumwita kwa jina. Mvuvi anafungua dirisha, anajibu "Naja!" Ukishajibu, umetoa neno, huwezi kurudi kitandani. Siku ya dhoruba kubwa, mmoja hakujibu. Wenzake waliondoka kasia moja likiwa halina mtu. Hawakurudi. Na Mari Joxepa, aliyewaita, aliteremka ngazi akawafuata. Tangu hapo anatafuta wa kujaza nafasi. Lakini hawezi kukuita, akasema Bibi Kandida, mpaka umpe mwenyewe jina lako na umwonyeshe mlango wako. Na nani mpumbavu wa kufanya hivyo?

Nikasema kweli, nani.

Nikarudi nyumbani nikipita upande wa mbali na maji.

Jumapili, 18 Januari

Alfajiri. Ukungu umejaa kichochoroni kama maziwa kwenye kikombe. Nimelala na nguo, na viatu. Nikasikia fimbo. Ko. Ko. Ko. Juu ya mawe. Ikapita mlango wetu. Ikasimama ng'ambo.

"Kaxiano Zubeldia! Kwa jina la Mungu, amka!"

Sauti haikuwa kubwa. Lakini vikombe vya Benita vilitetemeka kabatini.

Sitaficha: kwa muda wa kuvuta pumzi moja niliiona fimbo ya ngoma mkononi mwangu, na hakuna mshindani. Nikachungulia. Dirisha lenye roshani ya kijani likafunguka. Kaxiano na fulana yake ya ndani, nywele wima, macho amefumba. Bado amelala! Ni mazoea ya mvuvi: ukisikia jina lako alfajiri, unaitika kabla hujaamka. Mdomo ukaanza kufunguka.

Na mimi nikawaza: akienda huyu, nitagombana na nani?

Nikafungua dirisha kwa kishindo, soksi za Benita zikaanguka chini. Nikapiga ukelele. Mama, si yeye! Jina nimelitumia mimi! Na mimi si mvuvi, si nahodha, sina medali, nilipanda mashua mara moja tu maishani, ile boti ya watalii ya kwenda kisiwa cha Santa Klara, nikatapika mpaka wakanirudisha!

Alinyanyua uso. Ulikuwa unachezacheza, kama uso uliolala chini ya maji. Akaniuliza, kwa upole, basi mimi naitwa nani.

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilinyamaza.

Akangoja. Kisha akasema, "Basi nafasi bado ipo." Fimbo ikaondoka, ko, ko, kuelekea gati. Kule kwenye ngazi sauti yake ikashuka. Ikaendelea kushuka.

Kulipokucha, Kaxiano akaja na bakuli la mchuzi wa samaki na viazi. Akaliweka mezani. Akakaa. Baadaye sana akasema, "Nilishafungua mdomo." Akamaliza. Msimuliaji gani huyu!

Jumanne, 20 Januari

Siku ya Mtakatifu Sebastian. Fimbo kapewa Kaxiano. Balendin kasema mtu aliyeitwa na Mari Joxepa akabaki hai anastahili kwenda mbele. Na aliyembakisha je? Mstari wa mwisho! Nyuma yangu, gari la taka.

Tulipopita langoni, ngoma zote zikaendana vizuri mno. Nikasikia pigo moja la ziada, zito, la mti juu ya jiwe, likitoka chini ya tao. Sikugeuka. Mpigaji bora hageuki. Wala sikujikojolea, asemaye hivyo ni mwongo, ni manyunyu.

Jumatano, 21 Januari

Nimeshawasahihisha watu baani. Nilimfukuza Mari Joxepa kwa mkono mmoja, na mwingine nimeshika bakuli. Kesho kutwa yatakuwa mapambano ya saa nzima.

Na nafasi nyingine hiyo! Graziela wa kweli anafika Jumamosi, na mguu wa Balendin bado. Nimejitolea. Tutakutana chini ya tao. Nitamwambia mimi ndiye Kaxiano Zubeldia, maana sasa ndiye anayejulikana, kaongoza ngoma. Nikimfurahisha, mwakani fimbo ni yangu. Benita kanisihi, kaka, kwa ajili ya Mungu, kwanza mtazame viatu. Wanawake na viatu!

Kinachoniudhi ni wanawake wa nyavu. Wamerudi kwa nguvu. "Nahodha Matapishi! Ulitapikia wapi, katikati ya ghuba? Karibu na kisiwa?" Watu waache kuongeza chumvi. Siyo katikati ya ghuba, wala karibu na kisiwa.

Boti ilikuwa bado imefungwa gatini.