Mkate na Kitu Kidogo Ndani

Jumatatu, 4 Machi

Leo daktari wa tumbo ametamka maneno mawili yaliyoninyima raha mchana kutwa: chakula chepesi.

Binti yangu ana miaka saba. Anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkate kauli, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Lakini siku hizi akila kidogo tu anajikunja, anashika tumbo, ananyamaza. Chiriku kunyamaza! Amekonda, sketi ya shule inamzunguka kiunoni. Daktari anataka kujua tumbo lake linateremsha chakula kwa kasi gani. Jumanne ijayo, kitengo cha picha watamlisha chakula chenye dawa inayoonekana kwenye mashine, kisha watamlaza chini ya kamera.

Nikauliza chakula gani. Chepesi tu, akasema, kitengo watakueleza. Akauliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua kuhusu mtoto. Nikasema hakuna.

Jambo lipo. Chiriku ana mzio wa mayai. Si deko wala maringo. Mwaka jana kipande cha keki shuleni kilimvimbisha midomo na kumbana kifua, na tangu hapo mama yake hatoki nyumbani bila sindano ya dharura kwenye mkoba. Lakini mwindaji hapigi kelele porini. Ukimuuliza mtu waziwazi, anakujibu linalomfaa yeye. Ukweli hunyatiwa.

Mke wangu, aliyekuwa kazini dukani, jioni akasema nipige simu, niseme mtoto ana mzio wa mayai, basi. Basi! Mwanamke huyu anaamini watu. Nikamwambia aniachie mimi.

Kuna sababu. Siku ile ya keki, aliyemkimbiza Chiriku hospitali ni shemeji, kaka wa mke wangu, muuza magodoro. Mimi, mwalimu wa udereva, nilikuwa katikati ya makutano na mwanafunzi aliyezima gari. Hadi leo shemeji akija kutusalimia huuliza kwanza kama gari limewaka. Safari hii atakayemlinda mtoto ni baba yake mzazi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepiga simu hospitali kwa sauti nzito. Nikajitambulisha kuwa mkaguzi wa vyakula kutoka makao makuu. Sikusema makao makuu ya nini.

Dada wa mapokezi akafurahi kupita kiasi. Akasema Mungu mkubwa, wamesubiri mkaguzi weee mpaka wamechoka, friji la jiko la wafanyakazi linanuka, nakuja lini? Nikasema ninachotaka kujua ni wagonjwa wa picha wanalishwa nini. Akasema hilo dogo, tumalize la friji kwanza. Akataka jina. Nikataja la shemeji. Akasema nisubiri aniitie mkubwa wake. Nikakata simu.

Wakapiga wao! Nilikuwa naoga. Mke wangu akapokea, akaulizwa kama bwana mkaguzi wa friji anakuja asubuhi au jioni. Nilipotoka na taulo akanieleza habari ya friji. Akauliza kama swali lenyewe la mayai nimeuliza. Nikasema uchunguzi unaendelea.

Jumatano, 6 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Kuna muuguzi mmoja anayejifunza gari kwangu, kumbe yuko kitengo kile kile cha picha. Ni mtu mwema, lakini ni mwoga wa usukani. Hawezi kuendesha na kuongea kwa pamoja. Kwangu hiyo ni neema: mwenye woga hana nafasi ya kutunga uongo.

Nikangoja aingie kwenye mzunguko wa barabara, malori huku na huku. Nikauliza kama mtu asiyejali, sista, kwenye kile kipimo cha tumbo mnawalisha watu nini? Akasema mwalimu, naomba nizunguke kwanza. Nikauliza tena. Akajibu jasho likimtoka, macho mbele: mkate tu, mkate na kitu kidogo ndani.

Ahaa! Kitu kidogo. Dunia imekwisha, hata mkate wa mgonjwa wanauombea rushwa! Lakini sikukasirika. Afadhali mla rushwa anayesema mapema. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimemwelewa, ujumbe umefika, kesho nitamfundisha kurudi nyuma bure. Akashangaa. Akashukuru sana. Akapanda ukingo wa barabara.

Kwa hiyo chakula ni mkate. Mkate Chiriku anakula kila asubuhi. Nikashusha pumzi. Ila fundi hamalizi kazi kabla ya kukaza skrubu ya mwisho. Sikutaka kutaja yai, lingemshtua. Nikauliza kwa ujanja: na ute je, mnatumia ute?

Akasema ute ni lazima kwa kila mgonjwa kabla hajaingia. Kijiti kooni, mara moja tu, kimekwisha. Wanaosumbua ni watoto, wanafunga midomo.

Nikakanyaga breki ya upande wangu. Paji la uso la sista likapiga honi.

Ute! Ute wa yai, mbichi, kwenye kijiti, hadi kooni mwa mwanangu! Na mama wa watu anaeleza huku akitabasamu! Nimerudi nyumbani moja kwa moja. Nimemwambia mke wangu kwamba chakula ni salama, nimethibitishiwa na mtu wa ndani, asihangaike kupiga simu. Habari ya kijiti nimeikalia. Hiyo ni vita yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Mafunzo yameanza. Sista mwenyewe amenipa mbinu: wanafunga midomo. Basi Chiriku naye atafunga.

Nimemkalisha kwenye kiti jikoni. Nikachukua mwiko, nikageuza mpini, nikamwambia mimi ni muuguzi. Amri ni moja: ukiona kijiti, meno juu ya meno. Akauliza kijiti cha rangi gani. Mpini ukaingia. Nikamwambia asiulize. Akauliza kwa nini asiulize. Mpini ukaingia. Mtoto huyu ana akili zote isipokuwa ya kunyamaza, na hiyo kairithi upande wa mama yake.

Nikabadili mbinu. Nikamwambia kijiti kikiingia licha ya yote, ang'ate. Hapo tukaelewana! Ameng'ata mwiko mpaka ukaacha alama. Nimejivunia kama vile ameshika namba moja darasani.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kaja. Akauliza kama gari limewaka. Nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Akamkuta Chiriku sebuleni aking'ata penseli kwa mazoezi. Akauliza kulikoni, tunafuga mtoto au mamba? Chiriku akamweleza kila kitu kuhusu kijiti, bila kupumua. Shemeji akanigeukia, akasema kwa upole kwamba yeye angepiga simu tu, akasema mtoto ana mzio wa mayai. Wewe uza magodoro, nikamjibu moyoni. Kwa sauti nikamwambia karibu chai.

Amejitolea kutupeleka Jumanne. Nikamwambia ahsante, dereva yupo.

Jumanne, 12 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Gari halikuwaka. Jana mwanafunzi wa mwisho aliacha taa zikiwaka, nami sikukagua. Tumekwenda kwenye gari la magodoro. Shemeji aliwasha tu redio akawa anafuatisha wimbo kwa mluzi. Chiriku alilala nyuma juu ya godoro jipya, akasema hii ndiyo safari nzuri kuliko zote maishani mwake. Hakuwa amekula tangu jana, kwa maagizo ya daktari.

Kitengo cha picha ni ukumbi mrefu wenye mabenchi, na mabenchi yamejaa. Sista wangu akatoka akiwa na glovu. Mkononi, kijiti! Akamwomba Chiriku afungue mdomo. Chiriku meno juu ya meno. Sista akambembeleza, akamsifia viatu. Chiriku hawezi kusifiwa viatu akanyamaza. Akafungua mdomo aeleze vilinunuliwa wapi, kijiti kikaingia, kah! Kikakatika vipande viwili.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya baba kwamba katika ukumbi huu hakuna atakayempaka mwanangu ute wa yai.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Sista akatazama kipande kilichobaki mkononi. Akaniuliza taratibu, mwalimu, ute wa nani? Akasema wao hawapaki kitu. Wanachukua ute wa koo la mtoto mwenyewe, makamasi hayo, wapime kama ana ugonjwa wa kuambukiza wengine. Hatuweki, mwalimu, tunatoa.

Mzee mmoja akaanza kucheka. Benchi likadaka, na la pili likafuata. Shemeji alishika ukuta. Mke wangu alifunika uso kwa kiganja. Nami nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote. Ungefanyaje?

Sasa aibu ni mshauri mbaya. Nilitaka wote waone kwamba mimi ni mtu muungwana, mwelewa, nisiye na matata. Sahani ilipoletwa niliipokea mwenyewe kwa mikono miwili. Vipande viwili vya mkate vimefunikana. Nikachukua, nikampa Chiriku, nikamwambia kula mwanangu, mkate huu baba ameshaufanyia kazi.

Akaupokea. Alikuwa na njaa. Akaufikisha karibu na midomo. Kisha akafanya alivyofundishwa na mama yake kwa mkate wowote usiotoka nyumbani: akaushusha, akafunua kipande cha juu, akachungulia. Ndani mlikuwa na kitu cha manjano.

Akasema kwa sauti ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kwake, baba, hili si yai?

Sikuweza hata kumpokonya. Mama yake alishafika, mkono mmoja ukitupa ule mkate, mwingine uko ndani ya mkoba umeshika sindano. Akamwosha vidole bombani, akamwangalia midomo, akamwangalia tena. Hakuwa ameonja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na aliyempa ule mkate ni mimi.

Sista uso wake ulibadilika. Akauliza mtoto ana mzio wa mayai? Mbona hakuna aliyesema? Yai ndilo linaloshika ile dawa, alisema, ndiyo maana hutumika. Akasema, si alinieleza kwenye gari kwamba ni mkate na kitu kidogo ndani? Kwa mtoto asiyekula yai wana uji wa shayiri, kila siku upo. Mtu anasema tu mapema. Na daktari huwa anauliza.

Mke wangu akanigeukia, akauliza kama daktari aliniuliza. Nikasema aliuliza.

Kipimo kimeahirishwa hadi Alhamisi. Njia nzima redio ya shemeji ilikuwa kimya, na hakunitania. Hilo liliniuma zaidi. Nyumbani mke wangu alisema sentensi moja: kuanzia leo wewe endesha, mimi nitasema.

Alhamisi, 14 Machi

Mke wangu alifika dirisha la mapokezi la kitengo cha picha, akasema mtoto ana mzio wa mayai. Wakasema sawa mama. Basi. Hata dakika haikuisha. Nilisubiri mtego, sikuuona.

Chiriku alikula uji wote. Chini ya kamera aliisimulia mashine maisha yake mpaka wakamwomba apumzike, picha zinatikisika. Tumbo lake ni zito kuteremsha chakula, basi, hakuna baya zaidi. Kapewa dawa na ale kidogo kidogo. Jioni alimaliza sahani, akalamba kijiko, akaanza hadithi ya paka wa jirani isiyokuwa na mwisho. Nimeisikiliza yote. Nimefurahi mpaka nikamsifu shemeji kwa magodoro yake, naye akadhani naumwa.

Jumatatu, 18 Machi

Leo tena kwa daktari. Anasema mzio wa mayai huweza kupungua mtoto akikua, na tumjaribu kwa kipimo cha ngozi. Wanaweka tone mkononi, wanachoma kidogo, wanangoja waone kama panavimba. Tone lenyewe lina yai. Makusudi! Alinieleza polepole: kitafanyika mbele yake, dawa za dharura ziko tayari, hakuna hila. Kisha akaniambia nirudie maneno yake. Nikarudia yote bila kukosea. Mke wangu alinishika mkono kwa furaha.

Chiriku akauliza, asipovimba, ataruhusiwa kula keki na wenzake? Daktari akasema pengine ndiyo. Mtoto akatabasamu njia nzima. Siku za keki huwa anakaa dirishani na biskuti yake kutoka nyumbani, mwalimu wake alituambia.

Nimelifikiria tabasamu lile. Mimi ni mtu wa mitihani, kazi yangu ni kufaulisha. Kwa hiyo nimenunua kichupa cha matone, saizi ya vile nilivyoviona mezani kwa daktari. Nimekijaza maji safi. Siku ya kipimo nitaomba kuzungumza kidogo na muuguzi wa hapo, nitadondosha kofia, nitainama, nitabadilisha vichupa. Ngozi haitavimba. Daktari ataandika mzio umekwisha. Keki!

Mama yake sijamwambia, ana wasiwasi. Chiriku nimemdokeza kidogo. Akafikiri, akaniuliza, sasa baba, nikila hiyo keki, mwili wangu nao utajua kwamba nilifaulu?

Swali zuri sana. Nalo nitalitafutia mbinu.